Ngamia Aliyerudi wa Akina Jama

Ilhan Issack anafundisha kompyuta mjini Garissa, katika chumba cha kukodi nyuma ya maduka ya nguo, chenye feni inayozunguka inapojisikia. Ukimuuliza kazi yake, atakwambia anachora. Ukimuuliza anachora kwa kitu gani, atakwambia kwa maneno, na hapo ndipo watu wengi humuaga na kwenda zao.

Jambo lenyewe si gumu. Ilhan ametengeneza maktaba. Si ile ya vitabu, bali fungu la amri zilizokwisha kuandaliwa, ili mtoto akiandika "duara" kwenye kompyuta, duara litokee, na akiandika "tembea", kile alichokichora kishike njia. Maktaba za namna hiyo zipo tele duniani, ila zimeandikwa Kiingereza na mifano yake ni watu wa theluji. Yake ina ngamia. Tena ni huria: yeyote, popote alipo, aichukue, aitumie, aibadilishe apendavyo. Mwalimu Mutuku, aliyehamishiwa Garissa kutoka Machakos na anayelalamikia joto kila siku kana kwamba limeanza jana, alikuwa ameahidi kwamba darasa lake lingeanza kuitumia Jumatatu.

Ilhan aliiita Sumad, yaani chapa ya mifugo, na shingoni mwa ngamia wake akachora chapa ya bibi yake mzaa baba, Bilan: mstari wenye nusu duara chini yake. Kwa kuwa chapa si pambo la kujitwalia tu, aliomba ruhusa. Ayeeyo, kama bibi anavyoitwa nyumbani kwao, alisema ataona kwanza.

Jumamosi asubuhi akaja kuona. Akaketi kwenye kiti cha plastiki, bakora magotini, na kwa heshima ya Mutuku, aliyekuja naye kutazama, akazungumza Kiswahili.

"Haya, leta ngamia."

Ngamia akatokea upande wa kulia wa skrini, akaenda kushoto akitikisa shingo kwa maringo. Ayeeyo akatabasamu. Ngamia akafika ukingoni, akageuka, akaanza kurudi. Tabasamu likayeyuka.

"Simamisha! Hii ngamia ya nani?"

"Yako, Ayeeyo," Ilhan akajibu.

"Ilienda yangu. Imerudi ya Jama."

Mutuku akatazama mlangoni, akidhani kuna mtu ameingia.

Kumbe Ilhan alikuwa amepita njia ya mkato ambayo wachoraji wengi wa kompyuta huipita. Alimchora ngamia upande mmoja tu, na akigeuka, picha inapinduliwa kama kwenye kioo, chapa na kila kitu. Sasa, chapa ya Bilan hutiwa upande wa kushoto wa shingo. Alama hiyo hiyo upande wa kulia ni ya akina Jama wa Tarbaj. Huyo Jama, isitoshe, enzi zao aliwahi kumposa Bilan akakataliwa, na hakuna aliyekuwa na nia ya kumtuliza kwa ngamia leo.

"Lakini Nyanya, ni picha tu," Mutuku akasema. "Si tuifute hiyo alama? Ngamia atabaki ngamia."

"Mwalimu, wewe iko na ng'ombe Machakos? Mimi nachukua, nasema ng'ombe inabaki ng'ombe. Utafurahi?"

Mutuku akajifuta jasho, na safari hii hakulisingizia joto.

Ilhan mwenyewe alikuwa ameshaanza kuona kwamba kufuta ndiyo njia nyepesi. Jumatatu ilikuwa inabisha hodi. Akashika kipanya. Ndipo Ayeeyo akamwambia kwa Kisomali, polepole, "Ule ukame ulimmaliza wa mwisho. Yule mwekundu mwenye sikio lililochanika. Hakuna ngamia mwingine mwenye chapa hiyo ila huyu wako. Sasa mpeleke kwa Jama, au mwache bila chapa, ni sawasawa." Alitaka kucheka mwishoni, sauti ikamkatikia.

Ilhan akakiachilia kipanya. Alijua ngamia wamekwisha. Hakuwa amefikiria kwamba na chapa ingekwisha nao.

Jumapili nzima akafumua alichokuwa amekifuma kwa miezi, ili kila mnyama awe na upande wake wa kushoto na wa kulia, na kila upande alama zake. Punda wakatembea chali. Mbuzi wakapotea kabisa. Kuna wakati ngamia alikwenda vizuri mno, ila chapa ikabaki nyuma ikining'inia hewani. Lakini jioni ngamia akaenda na chapa, akarudi bila, na Jama akatoka mikono mitupu.

Wanafunzi wa Mutuku wakaipokea kwa kelele. Mwezi haujaisha, ukaja ujumbe kutoka Chile. Mtu mmoja muungwana alikuwa amegundua kasoro: mnyama akigeuka, alama inatoweka. Alikuwa ameirekebisha ionekane pande zote mbili, anaomba Ilhan akubali. Ilhan akamsomea Ayeeyo.

"Mwambie asante, na aache."

Ilhan akaandika kwa adabu kwamba ngamia ana pande mbili na mwenyewe mmoja.

"Na huyo mtu," Ayeeyo akauliza, "amemwona wapi ngamia wangu?"

"Anaye, Ayeeyo. Kila anayeichukua maktaba anapata wake."

"Wameichukua wangapi?"

"Mia tatu na zaidi."

"Wote wana chapa? Kushoto?"

"Wote. Kushoto."

Ayeeyo akamtazama ngamia akienda na kurudi. Hata kabla ya ukame hakuwahi kuwa na kundi kubwa hivyo. Akajipangusa macho kwa ncha ya shela yake, bila kujificha. Kisha akakunja uso na kugonga sakafu kwa bakora.

"Mia tatu, na wanatembea mwezi mzima! Wewe msichana, wanakunywa wapi?"

Ilhan akafungua faili jipya, akaanza kuchora kisima.