Kaseti ya Baba Anastazia

Naombeni msinicheke sana, maana Bugarama nzima imekwisha kunicheka.

Mume wangu, Baba Anastazia, yuko vitani Uganda. Dereva wa jeshi alituletea kaseti, akasema ndani kuna sauti ya mume wangu. Nikaazima redio ya mwalimu, lakini nikaona aibu kuuliza inavyotumika. Nikabonyeza kitufe cheusi na chekundu pamoja, nikidhani viwili vitaleta sauti kubwa. Kimya. Kila jioni nikajifungia chumbani, nikabonyeza, nikambembeleza aseme.

Mwishowe nikapeleka kaseti na redio kwa mzee fundi redio, pale duka la kijiji. Mama mkwe akanifuata. Naye alitaka kumsikia mwanawe. Watu wa foleni ya sabuni wakatuzunguka.

"Shikamoo, mzee. Kaseti hii ni mbovu, haisemi."

"Marahaba. Ulibonyeza wapi?"

Nikamwonyesha kwa vidole viwili, najiamini kabisa.

"Mama, chekundu ni cha kurekodi! Kinafuta yaliyomo."

"Washa tu," mama mkwe akasema.

Fundi akawasha. Nikaisikia sauti yangu mwenyewe, tena kubwa kweli: "Sema basi, baba. Kohoa hata kidogo. Siku hizi nalala upande wako wa kitanda."

Mama mkwe akajifunika kanga usoni. Foleni ikaangua kicheko. Fundi, kwa kunistiri, akausogeza ukanda mbele, karibu na mwisho, ambako sikuwa nimefika kufuta. Sauti ya mume wangu ikatoka, safi kabisa:

"Basi, mke wangu, hayo ndiyo yote niliyotaka kukwambia."