Lantana ya Marehemu

Mume wangu alipanda ua mwaka tuliooana, na kwa muda mrefu niliamini alifanya hivyo kwa mapenzi. Alikata vijiti vya lantana kando ya barabara hapa Kyebando, akavichomeka pande zote nne za kiwanja, na mvua ikafanya kazi iliyobaki. Waganda mmea huo huuita kayukiyuki. Maua yake ni mazuri, ya waridi na manjano kwenye shada moja, ila shina lina vijimiiba vinavyochana ngozi. Mbuzi mwenye akili haugusi. Hautaki maji, hautaki mbolea, hautaki hata kutazamwa. Ulinipita kimo mimi, kisha ukalipita geti, na kutoka uani kwangu nikawa naona mbingu na antena ya jirani, basi.

Yeye alikuwa na duka la vipuri vya pikipiki Nakivubo. Asubuhi alipotoka alifunga geti kwa nje, kwa kufuli. "Wezi wengi," alisema. Wezi walikuwepo kweli, siwezi kumsingizia. Lakini ufunguo wa pili ungeniwezesha mimi kutoka bila kumwezesha mwizi kuingia, na ufunguo huo sikuwahi kuuona. Jioni alirudi na nyama na habari za mjini. Hakunipiga hata siku moja. Watu wakisikia hivyo huniambia nilikuwa na bahati, nami hujibu alhamdulillahi, maana kueleza ni kazi. Mungu hakutujalia mtoto, kwa hiyo mchana kutwa nilikuwa mimi, redio na ule ua.

Upande wa kulia alihamia mama mmoja Mkenya, mtu wa Kakamega, aliyekuja Kampala na mume wake na kubaki kwa sababu ya ng'ombe wake. Alifuga wawili katika banda dogo nyuma ya nyumba na kuuza maziwa mtaani. Kwenye ua kulikuwa na tundu, chini ya tawi moja lililokauka, la kutosha mkono ulioshika kikombe. Hapo ndipo maziwa yalipopita, na chumvi, na nyanya, na maneno. Kwa miaka niliujua mkono wake kuliko uso wake. Alikuwa na kovu kwenye kidole gumba na pete ya shaba iliyomkaa vibaya.

Msimu mmoja wa mvua mume wangu alipogoa ua na kutupa matawi nje, upande wa jirani. Ndama wake alikuwa mdogo, hana akili ya mbuzi, akayala. Ngozi ya pua ikaanza kumbanduka, akawa analikimbia jua, akajibanza kwenye giza la banda akilia mpaka akafa. Mama yule alilia kama amefiwa na mtu. Mume wangu alipoambiwa alisema, "Nani alimwambia ale?" Nilisikia aibu mpaka kwenye mifupa.

Kabla mwaka haujaisha mume wangu alianguka dukani kwake, presha, akaletwa nyumbani amefunikwa shuka.

Sisi Wanubi mambo ya eda hatuyachezei. Mjane hukaa miezi minne na siku kumi katika nyumba aliyofiwa. Hajipaki manukato, havai cha kung'aa, hatoki bila dharura. Hiyo ni dini, na dini naipenda. Lakini wifi yangu, dada wa marehemu, aliongeza ya kwake. Aliishi Kisenyi, kwenye vyumba viwili nyuma ya gereji, na alikuja kila baada ya siku chache na chakula. Akiondoka alifunga geti kwa nje, kwa kufuli lile lile la kaka yake.

"Wifi, mwanamke wa eda haitiki sauti ya mwanaume," aliniambia. "Akiita mutu pale geti, wewe nyamaza. Hata kama anasema nyumba inawaka."

"Na kama inawaka kweli?"

"Usilete mchezo na maiti ya kaka yangu."

Nikanyamaza. Nilikuwa na mazoezi. Usiniulize lini eda yangu ilianza. Kama ni kufungiwa, ilianza siku niliyoolewa. Tofauti ni kwamba sasa aliyenifungia alikuwa kaburini na bado kufuli linafanya kazi.

Nilichobakiwa nacho ni uwanja wa nyuma. Na hapa ndipo nilipochanganyikiwa, kwa sababu ua nilioulaani miaka yote ndio ulionipa uwanja huo. Nyuma ya lantana hakuna aliyeniona. Niliweza kukaa juani na kichwa wazi, kuanika nguo, kulia kwa sauti. Bila ua ningebaki chumbani na pazia. Wifi naye alikuwa amekwisha kuliwaza hilo. Alisema mara mbili tatu kwamba nyumba hii ni kubwa kwa mtu mmoja, kwamba eda nimalizie kwake Kisenyi, na hapa apatikane mpangaji. Kile chumba cha Kisenyi nilikijua. Dirisha lake linatazama ukuta wenye mafuta ya injini. Nilijua pia kwamba mjane akishatoka nyumba ya eda, kurudi kwake huwa maneno ya kikao cha ukoo. Kibanja hiki, yaani kiwanja chetu, kilinunuliwa kwa bangili zangu za harusi, lakini bangili hazina mdomo wa kujisemea.

Siku moja mchana nilisikia sauti za wanaume getini. Mmoja aligonga. "Wenyewe iko? Hapa mutu iko?" Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango wa jikoni na mwiko mkononi. Sikuitika. Waliita tena, wakatikisa kufuli, wakazungumza Kiganda kidogo, wakaondoka. Nilijiona mjane mwema.

Jioni mkono wenye kovu ukapita kwenye tundu, hauna kikombe.

"Wewe mama, hebu kuja hapa," jirani alinong'ona. "Wamebandika karatasi kwa geti yako, upande wa nje. Ni ofisa wa kilimo alikuwa amekuja na chairman wa mtaa. Wanasema hii mti ni magugu mabaya, serikali imekataza, lazima ing'olewe na mizizi. Na wameandika hapa hakuna mtu."

"Hakuna mtu vipi?"

"Kufuli iko nje, wameita hakuna mtu ameitika. Wangefikiria nini? Kama mwenyewe ako, anapewa muda ang'oe mwenyewe, polepole. Kama hayuko, wanatuma vijana wanang'oa yote siku moja. Sasa wewe ni nini, ni mzimu?"

Nilicheka, Mungu anisamehe. Nilikuwa ndani ya nyumba yangu, na nje ya geti kulikuwa na karatasi inayosema simo. Sikuweza hata kwenda kuisoma.

Jirani hakuondoa mkono. "Ni mimi niliripoti," alisema. "Nilimwambia daktari wa mifugo habari ya ndama, akamwambia huyo ofisa. Sikujua wangekuja wakati wa matanga yako. Unisamehe."

Nilimwambia hakuna neno. Kusema kweli nilimkasirikia usiku kucha, huku nikimwona yule ndama na pua yake.

Wifi alipokuja aliisoma karatasi na uso wake ukang'aa. Mgeni njoo mwenyeji apone! Akaniambia ni heri, wacha waje wafyeke. Uwanja ukiwa wazi, mjane hawezi kukaa, na hakuna atakayesema amenitoa kwa nguvu. Nifungashe nguo. Akanikumbusha tena kuhusu sauti za wanaume. Akatoka, akafunga kufuli, nikasikia akilivuta kuhakikisha.

Vijana walikuja na mapanga na majembe asubuhi yenye ukungu. Hawakuhitaji geti. Walianzia mbele, upande wa barabara, na mimi niko chumbani nimekaa kitandani juu ya nguo zangu zilizofungwa. Kila panga lilipoanguka mwanga uliongezeka kwenye pazia. Sijawahi kuogopa mwanga kiasi kile. Harufu ya lantana iliyokatwa ni kali, inapanda kichwani, ilijaa nyumba nzima. Niliwaza: upande huu, kisha ule, kisha nyuma, na jioni niko Kisenyi natazama ukuta. Mtu mwingine angekimbia nje. Mimi nilibaki nimekaa pale pale. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini kimya changu kilikuwa cha miaka mingi na hakijawahi kuwa na mshindo wowote.

Nilipofungua mdomo hata mimi nilishtuka.

"Nipo!" nilipiga kelele nikiwa pale pale kitandani. "Nipo ndani! Kuna mtu!"

Mapanga yakasimama. Hatua zikaja mpaka chini ya dirisha.

"Nnyabo?" Ilikuwa sauti ya yule ofisa, akiniita bibi kwa Kiganda, sauti ya mtu mpole aliyeshtuka. "Kumbe iko mutu! Nani amekufungia?"

Swali hilo nililiruka. Nilimweleza eda kupitia pazia, na nilipokwama jirani, aliyekuwa amekuja mbio na ndoo ya maziwa mkononi, alimalizia kwa Kiswahili cha kwao. Ofisa alisikiliza. Kisha naye akanieleza ya kwake. Ndege hula matunda meusi ya mmea huu, alisema, na kila anapodondosha choo panaota ua mwingine. Mashamba yanaliwa, malisho yanaliwa, mifugo inakufa. "Selikali haichezi na hii kitu, nnyabo. Mwenye ardhi ndiye lazima anatoa. Sasa mwenye ardhi ni nani, niandike?"

Nilijua mtu anayeulizwa ni nani mwenye magugu kwa kawaida huyakana.

"Ni mimi," nikasema. "Andika mimi."

Tukaelewana hivi: upande wa mbele ulikwisha kwenda, basi. Pande mbili na nyuma zibaki mpaka eda iishe, kwa sharti kwamba nitayachuma maua na matunda yote, nisiache hata moja likomae ndege akalibeba. Siku nitakayotoka eda, ua wote utoke.

Wifi alipopata habari alikuja akifoka toka barabarani. Eti nimezungumza na wanaume. Eti nimejiandikia mali ya watu. Alifoka huku akifungua kufuli la geti. Geti lilikuwa limesimama peke yake kwenye nguzo zake mbili, kushoto hakuna kitu, kulia hakuna kitu, ungeweza kupitisha ng'ombe na jeneza. Yeye alilifungua, akaingia, akageuka, akalifunga nyuma yake. Jirani alikuwa akitazama kutoka barazani kwake, akaingia ndani ghafla kwa kicheko. Mimi nilificha uso kwa mtandio. Safari hii wifi hakutaja kufungasha nguo tena, kwa sababu jina langu lilikuwa kwenye kitabu cha serikali, hata kama ni kitabu cha magugu.

Kwa hiyo eda yangu iliyobaki niliimaliza nikichuma maua. Mjane haruhusiwi pambo, nami nilikuwa na maua ya waridi na manjano hadi viwikoni, nayachoma kwenye shimo. Vijimiiba vilinichana mikono yote. Harufu haikutoka kwa sabuni. Wifi alininusa akaniuliza nimejipaka nini. "Sheria," nilimjibu, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akasahau akacheka kidogo.

Siku ya kutoka eda wanawake walikuja, wakaniogesha, wakanifukizia udi, wakanivisha gurbaba mpya, vazi letu la kujifunga, lenye rangi ya chungwa. Uani vijana walikuwa wakichimba mizizi, na ofisa akiwahimiza wasiache hata kipande. Kila aliyekuja alikata njia pale pale palipokuwa na ua, moja kwa moja, bila kufikiri. Wifi alinishika mkono akanitia ufunguo wa geti kiganjani.

Kisha upande wa kulia ukalala chini, na nikaona nyumba ya jirani ilivyo karibu. Dirisha lake lilikuwa hatua chache tu kutoka jiwe nililokuwa nakaa nikilia, miaka yote ile, nikijua hakuna anayenisikia.

Alikuwa amesimama hapo dirishani. Uso mzima, si mkono. "Tulikuwa tunasikia," alisema. "Kila asubuhi, hiyo kufuli. Sikuripoti juu ya ndama peke yake, mama. Kuja, nimeweka chai."

Nilikuwa nakwenda kwake. Kati yetu palikuwa na udongo uliochimbuliwa tu, na yeye alikuwa amenyoosha mkono. Lakini miguu yangu iligeuka yenyewe, ikazunguka nyumba, ikanipeleka mbele mpaka getini. Nilifungua kufuli kwa ufunguo wangu. Nikapita. Wanawake walidhani nafanya mzaha kumwigiza wifi, wakaangua kicheko, na mimi nikacheka nao. Kisha nikaona vidole vyangu. Mume wangu alikuwa kaburini, eda ilikuwa imekwisha, ua haukuwepo, na mimi nilikuwa nimegeuka nafunga geti.