Babu na Mkufu wa Kibepari

Jamani, leo babu yangu kaumbuka mbele ya wakwe!

Tulikuwa nyumbani kwake Kiwalani, wakwe wamekuja kumvisha dada yangu pete ya uchumba. Babu, balozi wa nyumba kumi mstaafu, akasimama kuhutubia. Hakuna aliyemwomba.

"Enzi za Ujamaa wake zetu hawakuvaa dhahabu! Ulikuwa ubepari! Mie nilikuwa nawavua hereni mkutanoni!"

Dada akaficha mkono chini ya mtandio. Wakwe wakatazama mkeka.

Bibi akaweka kikombe chini. "Baba Halima, na huu je?"

Akafungua kifungo cha gauni, akachomoa mkufu wa dhahabu. Mzito!

"Si ulininunulia wewe, miaka hiyohiyo? Ukasema niuvalie ndani, watu wasiuone. Na jirani yetu ulimvua hereni alizoachiwa na marehemu mama yake. Alilia, nami nikanyamaza."

Babu akaanza kutafuta miwani. Anayo usoni.

Bibi akamvalisha dada ule mkufu. "Uvae nje, mjukuu wangu. Mie nilipendwa kama bidhaa ya magendo."

Pilau tumekula. Babu kajifungia chumbani, eti kichwa kinamuuma.

Nyie mngempelekea sahani?