Upande Niliopangiwa Kuutetea

Jumamosi ile mwalimu wetu wa historia alitugawa kwa jinsi tulivyokaa. Wa upande wa mlangoni wakawa majimbo ya Kaskazini ya Marekani; sisi wa dirishani tukawa ya Kusini, yale yaliyojitenga hadi nchi ikaingia vitani yenyewe kwa yenyewe. Wiki ya pili tungefanya mdahalo. Nilimwomba anihamishe.

"Mama yake bibi yangu alizaliwa mtumwa," nilimwambia.

Mwalimu, mama wa Kiingereza mwenye sauti ndogo, alifikiri kidogo. "Basi utawasikiliza kwa makini kuliko sisi sote," akasema. Hakunihamisha.

Wakati huo nilikuwa nikiishi huku Uingereza, mtaa wa Kenton, kwa kaka yangu na mkewe, katika chumba kidogo ambacho mlango wake uligonga kitanda kabla haujafunguka wote. Siku za kazi nilitunza wazee. Jumamosi nilisoma ili nipate kuingia chuo kikuu. Sikuwa na pengine pa kwenda, na nyumba nzima ilijua.

Nilidhani vita vile vilizuka kwa hasira ya siku moja. Kumbe vilipikwa miaka mingi. Matajiri wa Kusini waliishi kwa pamba iliyolimwa na watumwa, na kila eneo jipya lilipotaka kuwa jimbo, ugomvi ulikuwa uleule: liingie na utumwa au bila utumwa? Wakapatana, wakagombana, wakapatana tena. Ikaja sheria ya kuwalazimisha hata watu wa Kaskazini wasaidie kuwakamata watumwa waliotoroka. Aliyekuwa akisema hayamhusu akaona mtu anafungwa kamba mbele ya nyumba yake. Kisha akachaguliwa rais aliyepinga kuenea kwa utumwa. Majimbo ya Kusini yakaanza kujitoa, moja likifuata jingine, mpaka ngome ya serikali ikapigwa mizinga. Nilitafuta mahali ambapo wangeweza kusimama na kurudi nyuma. Kila nilipodhani nimepapata, ukurasa uliofuata ulipaziba.

Jioni moja mezani nilijaribu hoja yangu. "Jimbo lililoingia kwa hiari yake lina haki ya kutoka kwa hiari yake."

Kaka alifurahi. Miaka yote aliamini Pwani yetu ingefaa kujitenga na Kenya. "Hasa, mdogo wangu. Ndiyo hoja yetu hiyo."

"Lakini wao walijitoa ili wabaki na watumwa, kaka. Waliandika wenyewe."

"Sisi tunadai ardhi. Unatulinganisha na wenye watumwa?"

"Siwalinganishi. Nauliza tu, hiyo Pwani ikishajitenga, mimi na wewe tutakuwa kina nani humo?"

Mke wa kaka aliweka upawa chini. Shamba alilolima mama yake bibi yetu lilikuwa la babu zake yeye, na siku ya harusi yao shangazi yake alitoa neno kuhusu asili yetu ambalo sote tulijifanya hatukulisikia.

"Wifi, hayo yalikwisha," akasema.

"Yalikwisha kwa nani?"

"Nyumbani mwangu mazungumzo hayo basi," kaka akasema. Tukamaliza kula, viwiko vyetu vikigusana, maana meza yenyewe ilikuwa ndogo.

Siku ya mdahalo nilisimama nikaeleza haki za majimbo bila kukwama. Mwenzangu mmoja wa upande wa Kaskazini, baba wa Kikongo aliyekuja huku kama mkimbizi, akaniuliza, "Haki ya kufanya nini?"

Kwa kanuni za mchezo ilinipasa kujibu kama mtu wa Kusini.

"Haki ya kummiliki mtu," nikasema, nikakaa.

Kaka alianza kula kabla sijarudi kazini. Aliyekuja chumbani kwangu ni wifi, mchana mmoja wa mvua. Aliketi kitandani, kwa kuwa kiti hakikuwapo.

"Kwetu mliitwa 'watu wetu'," akasema. "Nilipokuwa mdogo nilidhani maana yake ni jamaa."

Tulikaa magoti yamegusana mpaka akainuka kwenda kupika.

Mwaka uliofuata nilipata chuo katika mji mwingine. Kaka alinibebea sanduku hadi stesheni, akaniuliza kama nimechukua koti zito. Nikasema nimechukua.