Bolti Iliyopakwa Samli

Bunduki ya mzee wangu, baba wa watoto wangu, inanizidi umri, na mimi si msichana. Ilipigana vita vya wazungu, ikazeeka, ikaletwa huku kwetu nyuma ya kilima cha Nuu ichunge mbuzi. Kitako chake ni cha mbao nyeusi, kimeng'arishwa na jasho la watu nisiowajua. Mzee alikabidhiwa alipoingia askari wa akiba, wakati huo angali na meno yote, na tangu siku hiyo hajawahi kuisafisha.

Nieleze vizuri nisiitwe mwongo. Kwetu mwanamke hagusi uta wa mwanamume. Hauruki, hauhamishi, hata ukiwa umelala katikati ya mlango yeye atazunguka nyuma ya nyumba. Bunduki zilipokuja, wanaume walikaa wakakubaliana kwamba bunduki nayo ni uta, ila umepitia kwa fundi wa vyuma. Basi ikawa mwiko. Lakini kusafisha bunduki ni kuchemsha maji, kufua vitambaa, kuchutama na kusugua, na mzee wangu aliitazama hiyo kazi akaona ina sura ya mwanamke kabisa. Alifikiria wiki nzima. Jumamosi akatandika gunia uani, akavuta nyuma bolti, kile chuma kinachofungia risasi ndani, akainua kichwa cha hiyo bolti, akaichomoa na kuitia mfukoni mwa koti.

"Sasa hiyo si bunduki," akaniambia. "Haiwezi kulia. Ni bomba."

"Na bomba nani anasafisha?"

"Bomba ni la maji. Maji ni yako."

Nilicheka, nikachukua bomba langu.

Hiyo ikawa ibada yetu ya Jumamosi, siku moja kabla ya ile ya kanisani. Yeye kwenye kiti, mkono juu ya mfuko kana kwamba bolti ni kifaranga atakayetoroka. Mimi chini. Nabonyeza kidude kilicho karibu na triga, kile kisanduku cha risasi kinatoka, kitupu. Risasi zenyewe hukaa kwenye mkebe wa majani chai juu ya kabati. Naweka shingo ya chupa ya plastiki nyuma ya mtutu iwe faneli, namimina birika zima la maji yanayochemka. Yanatoka mbele meusi kama ya sufuria iliyounguza maharagwe. Chuma kikipata moto kinajikausha chenyewe. Halafu kuna kamba inayokaa ndani ya kitako, nyuma ya kimlango kidogo cha shaba: upande mmoja ina uzito, upande wa pili kitanzi. Nadondosha uzito kwenye mtutu, nafunga kitambaa kwenye kitanzi, navuta mara moja bila kupumzika, maana ukipumzika kitambaa kinakwama na mwenye bolti anaanza kutoa amri. Vitambaa ni vya petikoti yangu ya flana. Vitatu vikavu, kimoja chenye mafuta ya cherehani. Nikimaliza nauelekeza mtutu kwenye mwanga na kuchungulia. Ile mistari ya ndani inajizungusha, inang'aa mpaka mwisho. Niliacha shule darasa la tatu, lakini kazi safi naijua nikiiona.

Bolti alijisafishia mwenyewe. Chumbani, mlango umefungwa.

Siwezi kusema bunduki hiyo imepigana sana hapa. Ililia mara moja, fisi alipokuja zizini. Fisi alienda zake na beberu wetu akabaki chini. Mzee aliwaeleza majirani kwamba beberu alikufa akilinda wenzake, na nyama wakala, hakuna aliyeuliza zaidi. Hata hivyo wezi wa mifugo walijua nyumba yetu ina nini, wakawa wanapita mbali. Na mimi kisimani nilipishwa. Wanawake walisema, mpisheni mama wa bunduki, nami nikapita na mitungi yangu bila haya yoyote. Kwa hiyo nilipoona mzee ameanza kumwaga chai nje ya kikombe na kusalimia ng'ombe akidhani ni pasta wetu wa kanisani, sikuwa na hofu ya macho yake tu.

Ndipo ikaja habari kwamba askari wote wa akiba wapeleke bunduki Kyuso zikaguliwe. Itakayokutwa chafu, au mwenyewe akishindwa kuifungua na kuifunga, inabaki huko. Mzee alisema hana wasiwasi. Alisema hivyo mara nyingi.

Ilikuwa siku ya soko. Nilibeba nusu gunia la ndengu ili nionekane nimekuja na yangu, nikamshika mzee mkono mpaka langoni mwa kituo, kisha nikaketi juu ya ndengu zangu nje ya ua, karibu kabisa na meza ya ukaguzi. Wanaume walikuwa kumi na mmoja kwenye mstari. Akatoka mkaguzi, na mkaguzi alikuwa msichana. Msichana wa Makueni, nilimjua kwa jinsi anavyovuta Kikamba, wale watu wa maembe huongea kana kwamba hawana haraka ya kwenda popote. Lakini mabega yalikuwa na nyota. Na wale wanaume wote waliotufundisha kwamba mwanamke hagusi, mmoja mmoja walimkabidhi bunduki kwa mikono miwili na kusema, "Karibu, madam."

Nilitulia nikaangalia vizuri. Siku kama hiyo haiji mara mbili.

Alipofika kwa mzee wangu alichungulia mtutu, akachungulia tena.

"Mzee, huu mtutu umesafishwa na nani?"

"Umesafishwa nyumbani, madam."

Akatoa bolti. Akaisogeza puani.

"Mzee. Hii inanuka chapati."

Sisimizi wawili walitoka kwenye ile bolti wakatembea juu ya kidole chake, bila woga, kama watu wa hapo.

"Ni samli, afande," mzee akasema. "Ya ng'ombe wangu mwenyewe. Haina maji hata kidogo."

"Samli kwenye bunduki?"

"Babu yangu alipaka uta mafuta."

"Uta hauna springi, mzee." Akamwonyesha: samli na vumbi la kwetu vilikuwa vimeoana, vimekuwa ugali. Mafuta ya cherehani yalikuwa hatua sita kutoka chumba chake, kwenye droo yangu. Lakini kuyaomba kungekuwa kukiri kwamba kuna jambo la bunduki najua mimi na yeye hajui.

"Ifute, uirudishe mahali pake," msichana akasema. "Ukishindwa inabaki."

Kufuta alifuta. Kurudisha ndiko kulikuwa kazi. Alisukuma, ikakataa. Akageuza, akasukuma, ikakataa. Mikono yake ilitafuta njia na macho hayakuisaidia kitu. Mmoja kwenye mstari akakohoa kile kikohozi cha kumcheka mtu. Mara ya tatu niliona jasho limeshuka mpaka kwenye kola niliyoipiga pasi asubuhi ile.

"Kichwa kiko chini," nikasema kutoka kwenye ndengu. "Kiinue."

"Nyamaza, mama watoto."

"Nimenyamaza. Kiinue."

Akakiinua.

"Sasa ingiza. Polepole, husukumi gari. Ipitishe chini ya kile chuma kilichokaa kama daraja. Imepita?"

"Imepita."

"Laza kichwa."

Ikalia kle. Uwanja wote ulisikia.

Jirani yetu, wa tatu kwenye mstari, akauliza, "Na huyu mama amejulia wapi?"

"Ana masikio," mzee akajibu. "Husikia nikifanya."

Msichana alinitazama, akatazama petikoti iliyochungulia chini ya sketi yangu, imekatwakatwa. Akamrudia mzee. Hakupandisha sauti.

"Mzee, macho yako hayaoni. Nikiandika hivyo, hii haiendi nyumbani leo. Nitakuuliza jambo moja na unijibu ukweli. Nani husafisha mtutu?"

Nimeishi na huyo mwanamume tangu nikiwa na kiuno. Nimemwona akizika watoto wawili, nimemwona akiuza dume alilolipenda. Sijamwona akichukua muda mrefu hivyo kutafuta maneno matatu.

"Ni mke wangu," akasema.

"Na bolti?"

"Bolti ni mimi."

"Imejionyesha."

Hakuna aliyecheka, nami nikashangaa kwa nini. Nikajua msichana alipoenda kwa jirani yetu aliyeuliza, akafungua bunduki yake. Mtutu ulikuwa safi kama kioo. Bolti ilikuwa na mafuta ya kondoo.

"Wote ambao wake zao husafisha mitutu," akasema, "wapige hatua mbele."

Walitazama viatu. Mzee wangu alitangulia, kwa kuwa hakuwa na kitu cha kuficha tena. Kisha jirani. Kisha wengine, mpaka mstari wote ukawa umehama mahali pake ukawa mstari uleule, hatua moja mbele.

Aliandika. Kwetu aliandika kwamba bunduki irudi nyumbani mpaka ukaguzi ujao, na kabla ya hapo mzee awe ametolewa mtoto wa jicho hospitalini, bila hadithi. Aliponikuta langoni akanishika mkono. "Susu," akasema, kama mjukuu anavyomwita nyanya yake, "bolti nayo isafishe wewe."

Kufika Jumamosi mzee alikuwa ameshawaambia watu wa pale dukani kwamba alijifanya ameshindwa ili mkewe apate kuonekana na serikali. Nilimwacha aseme. Bunduki ilikuwa ndani, mbuzi walikuwa zizini.

Nikatandika gunia, nikaweka birika motoni. Akaja, akaichomoa bolti kwa kupapasa. Akaishika kidogo. Kisha akainama, akaiweka juu ya gunia karibu na goti langu, akashika fimbo yake kuelekea zizini.

Alipofika kwenye kona ya nyumba akageuka.

"Usiipake samli," akaniamuru.