Wimbo uliomsimamisha Bibi

Jamani, leo bibi yangu ameitwa na wimbo, na ameitika!

Nilikuwa nasikiliza kwenye simu wimbo mpya wa kijana mmoja wa kijiji cha Nyarero anayejirekodi mwenyewe. Amechanganya hip hop na kanda ya babu yake akipiga litungu, ala yetu ya nyuzi, enzi za ujamaa.

Katikati, yule mzee wa kwenye kanda akaita, "Bhoke, uko wapi?"

Bibi Bhoke akaweka ungo chini, akasimama.

Enzi hizo, mpiga litungu akikutaja ngomani, lazima usimame uitike.

"Niko hapa!"

Wimbo ukaisha.

Kina Bhoke wamejaa Tarime nzima. Nyie mngemwambia huenda si yeye aliyeitwa?

Akajifunga kanga vizuri.

"Rudisha nyuma, mjukuu wangu. Hakunisikia."