Sehemu ya Nne ya Umri wa Dunia

Tulikuwa wasomaji wanne, na kitabu kilikuwa kimoja. Hiyo ndiyo hali tuliyoizoea kwa miaka kadhaa hapa mtaani Komarock: mimi, mwalimu mstaafu wa historia; jirani yangu, aliyekuwa karani wa mahakama; dereva wa lori; na mama mmoja muuza vitambaa. Hatukusoma hadithi za kubuni. Tulitaka kujua nyuki huelekezanaje kwenye maua, chumvi ilisafirishwaje jangwani, daraja husimamaje bila nguzo katikati. Hakuna aliyetarajia cheti.

Kwa kuwa hakuna pia aliyekuwa na subira ya kungoja mwenzake amalize, kila kitabu tulikipeleka kwa fundi wa kujalidi vitabu kule mtaa wa Baba Dogo. Alilivua jalada, akaukata mgongo, akatushonea kwa uzi vipande vinne. Tukawa tunabadilishana. Huyu alianzia katikati, yule mwishoni, na mabishano yetu yalinoga kwa sababu hiyo hasa.

Mwaka jana tulipata kitabu kilichoeleza jinsi wanadamu walivyokuja kuujua umri wa dunia. Wakati huo presha ya macho ilikuwa imekwisha kulizima jicho la kushoto la karani, na daktari hakumficha kwamba la kulia lingefuata. Karani alituomba jambo moja tu: akimalize kitabu hicho kwa jicho lake mwenyewe, kuanzia sehemu ya kwanza hadi ya nne. Tulikubali, sisi tungesoma vipande asivyokuwa navyo. Alikaa dirishani kila asubuhi na kioo cha kukuzia, akiusogeza uso karibu na karatasi kama mtu anayenusa. Alipomaliza sehemu ya tatu, ya nne ilikuwa kwa dereva.

Tulikwenda pamoja, nimemshika mkono. Mke wa dereva huuza njugu langoni mwa mtaa, akizifunga katika karatasi zilizosokotwa, nazo huzichana kutoka madaftari ya zamani ya watoto. Dereva alitafuta juu ya kabati, akatafuta chini ya kitanda, kisha akamwita.

“Mama watoto, ziko wapi zile karatasi zangu zilizoshonwa uzi?”

“Zile hazina kava? Si nilidhani ni notisi za shule zimeisha kazi! Nimefungia njugu wiki yote.”

“Wiki yote! Yaani umewalisha watu wa Komarock umri wa dunia, tena na chumvi juu!”

Mama akacheka, mumewe akacheka. Kisha mama akamtazama karani, aliyekuwa bado ameunyosha mkono kuipokea sehemu yake.

“Pole, mzee wangu. Kwani hamkuwa mmemaliza kusoma?”

“Nilikuwa nimebaki mimi,” akasema karani.

Njiani nilianza kumsimulia yaliyomo, kwa kuwa sehemu ile nilikuwa nimeisoma. Akanikatiza.

“Mwalimu, jibu nalijua. Hata redioni hulitaja. Nilitaka kuona walivyolifikia, na walipokosea kabla ya kulifikia. Hilo huwezi kunisimulia kati ya hapa na nyumbani.”

Kesho yake nikaanza kukitafuta kitabu hicho. Nilizunguka kwa wauza vitabu vya mitumba mjini, kibanda kwa kibanda, na kila mmoja alinionyesha vitabu vya kutajirika haraka. Niliagiza nakala nyingine kutoka ng’ambo. Kila nilipopita dirishani kwake nilimkuta ameirudia sehemu ya tatu, na kila mara karatasi ilikuwa karibu zaidi na uso. Baadaye nilimkuta amekaa tu, karatasi zikiwa mapajani, kioo kikiwa sakafuni. Hakuniuliza tena kama kitabu kimefika.

Kilifika baada ya mvua za vuli. Karani hakuweza tena kuutofautisha ukurasa na meza. Nilijitolea kumsomea, akakataa kwa upole. Muuza vitambaa alijitolea pia, naye akakataliwa. Hatujapeleka kitabu kingine Baba Dogo tangu wakati huo, na sisi wanne hatukutani tena.